Agnes Pockels, Mtafiti wa Jikoni

Sisi wa baiolojia tumechora utando wa seli tangu sekondari: tabaka mbili za lipidi, vichwa nje, mikia ndani. Tunapata maksi, tunasahau. Nilipofuatilia mambo haya yalijulikanaje, nilijikuta jikoni kwa Agnes Pockels.

Alizaliwa Venice mwaka 1862. Baba yake alikuwa afisa wa jeshi la Austria. Malaria ikamharibia afya (ndiyo, malaria hii hii tunayoijua), na mwaka 1871 familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Agnes aliipenda fizikia, lakini vyuo vikuu havikupokea wasichana. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, akaenda chuo. Dada mtu akabaki kupika, kuosha vyombo na kuuguza wazazi, huku akisoma vitabu alivyoletewa na mdogo wake. Baadaye milango ilipofunguka kidogo, wazazi walimwomba asiende.

Sasa, anayeosha vyombo kila siku huona mafuta yakitanda juu ya maji. Wengi wetu tunamwaga tu. Yeye alichukua chombo cha bati, urefu sentimita 70, upana 5, kina 2, akakijaza maji mpaka ukingoni na kulaza juu yake kipande cha bati cha kusogeza. Akikisogeza huku, mafuta yanabanwa; akikirudisha, yanatanuka. Kwa mizani alipima nguvu ya kubandua kisahani kidogo kwenye uso wa maji. Akagundua kwamba mafuta yakiwa na nafasi, uso huvutana karibu kama maji safi. Yakibanwa kupita kiwango fulani, mvutano unashuka ghafla.

Yaani kubanana kwa molekuli ndiko kunakoamua tabia ya utando. Kwenye seli pia ni hivyo: lipidi zenye mikia iliyonyooka hushikamana, utando ukawa mzito kama samli asubuhi ya baridi. Mikia iliyopinda huacha nafasi, utando ukabaki laini kama mafuta ya alizeti.

Januari 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza. Bwana yule angeweza kuyafanya matokeo kuwa yake (tuseme ukweli, yanatokea). Badala yake aliliomba jarida la Nature liichapishe barua, ikatoka Machi kwa jina la Agnes.

Irving Langmuir wa Marekani akaja kukiboresha chombo kile. Mwaka 1925, Gorter na Grendel wa Uholanzi walitandaza juu ya maji lipidi za seli nyekundu za damu, wakakuta zinafunika eneo kama mara mbili ya lile la seli zenyewe. Ndizo zile tabaka mbili za kwenye daftari.

Mwaka 1932 Langmuir alipata Nobel. Mwaka huohuo Agnes, akiwa na miaka 70, alitunukiwa udaktari wa heshima Braunschweig, akafariki 1935. Maabara nyingi hukiita chombo kile kwa jina la Langmuir. Mimi nasomea ualimu, na kwenye andalio langu la somo jina la Agnes linatangulia mchoro.