Louis Leakey: Kijana wa Kabete na mawe yaliyochekwa

Kabla dunia haijamjua kama mtafiti wa chimbuko la binadamu, Louis Leakey alikuwa kichekesho nyumbani kwao.

Alizaliwa Kabete, Kenya, Agosti 7, 1903, mtoto wa wamisionari Waingereza. Alikua na vijana wa Kikuyu, akaongea lugha yao na hata kupitia jando na rika lake.

Akiwa na miaka kama 12 hivi, alipewa kitabu cha watoto kuhusu watu wa kale waliotumia zana za gumegume. Shida ni moja: hakujua gumegume linafananaje. Basi akaanza kuokota mawe meusi yanayong'aa kama kioo. Kumbe yalikuwa obsidiani, jiwe la volkano. Wakikuyu waliyaita nyembe za mizimu. Familia yake? Waliona vipande vya chupa tu.

Wakati huo Nairobi ilikuwa na chama cha wapenda viumbe na mazingira, kilichoanzishwa 1909. Wanachama wake walikuwa walowezi, maofisa na wamisionari, watu wa kukusanya ndege, wadudu, nyoka na mimea na kuandika walichoona. Walifungua jumba dogo la makumbusho, na mwaka 1914 wakamleta Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama watambaao, alisimamie.

Leakey alikuwa akimtembelea kwa sababu ya ndege. Siku moja akambebea mawe yake, akihofia kuchekwa tena. Loveridge hakucheka. Alimwambia baadhi yalikuwa zana za kweli, kisha akampa kazi: kila anachookota akiandike, na mahali alipokiokota.

Ushauri mdogo, lakini ulikuja kumgharimu.

Mwaka 1932, huko Kanam, pembezoni mwa Ziwa Victoria, timu yake ilipata taya la binadamu ambalo Leakey alidai ni la kale mno. Mwanajiolojia Percy Boswell akaja kutoka Uingereza kuhakiki. Leakey hakuweza kumwonyesha kwa uhakika lilikotoka. Vigingi vya chuma alivyoweka vilikuwa vimeng'olewa, na moja ya picha ilikuwa ya sehemu nyingine kabisa! Boswell akamwanika kwenye jarida la Nature mwaka 1935. Jina lake likachafuka vibaya Uingereza.

Alirudi Kenya, na kuanzia 1941 akawa msimamizi wa makumbusho ya Coryndon, yaliyotokana na lile jumba dogo la chama. Chini yake milango ilifunguliwa kwa Waafrika na Waasia pia.

Heshima ilirudi polepole. Julai 1959 mkewe, Mary, aliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, Tanganyika, na safari hii kila kitu kilirekodiwa. Tukubali tu, Mary ndiye aliyekuwa makini zaidi na daftari.

Mwaka uliofuata Leakey alimtuma Gombe Jane Goodall, aliyekuwa katibu wake, msichana asiye na digrii, akakae na sokwe na kuandika anachoona. Goodall aliona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa kichuguuni. Yaani zana, tena mikononi mwa mnyama.

Leakey alifariki London, Oktoba 1, 1972. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.