Che Guevara: Pikipiki ilikufa, safari ikaendelea

Huenda umewahi kuiona picha yake kwenye stika ya bodaboda hapa Nyakato, mjini Musoma: mtu mwenye ndevu na kofia yenye nyota, macho yakitazama mbali. Wengi humfahamu kama Che, mpiganaji wa Cuba. Wachache wanajua kwamba kabla ya bunduki aliwahi kusukuma pikipiki mbovu kwenye barabara za vumbi, mbali na kwao, mfukoni akiwa hana kitu. Na wachache zaidi wanajua kwamba miaka 13 baadaye alivuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma, wakati Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama akiwa rais wetu, akitumia jina la Kiswahili.

Katika makala haya tunaangalia maisha ya mtu huyo, na jinsi safari iliyojaa kuharibikiwa ilivyomfunza mambo ambayo asingeyapata katika safari isiyo na misukosuko.

Kijana mwenye pumu

Ernesto Guevara alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa Rosario, Argentina, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano. Akiwa na umri wa miaka miwili alipatwa na pumu, ugonjwa uliomsumbua hadi mwisho wa maisha yake. Wazazi wake walihamia Alta Gracia, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Córdoba, wakitafuta hewa nzuri kwa ajili ya mtoto wao.

Pumu haikumzuia kucheza raga wala kusafiri. Mwaka 1950, akiwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires, alifunga injini ndogo kwenye baiskeli na kuzunguka kaskazini mwa Argentina kwa maelfu ya kilomita. Safari hiyo ilimwonjesha tu. Alitaka kuliona bara zima la Amerika Kusini.

Waya badala ya skrubu

Rafiki yake Alberto Granado, mtaalamu wa baiokemia aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa ukoma, alikuwa na pikipiki aina ya Norton ya cc 500, iliyotengenezwa mwaka 1939. Aliipa jina La Poderosa II, yaani Yenye Nguvu ya Pili. Mwishoni mwa Desemba 1951 waliondoka Córdoba, na Januari 4, 1952 wakaondoka Buenos Aires kuelekea pwani. Pikipiki ilikuwa imebeba watu wawili, mizigo mingi na, mwanzoni, mbwa mdogo ambaye Guevara alikuwa akimpelekea mchumba wake.

Mwendesha bodaboda yeyote atabashiri kilichofuata. Mzigo mkubwa nyuma ulifanya usukani uwe mwepesi, na kila walipoingia kwenye mchanga walianguka. Walianguka mara nyingi, wakainuka, wakakung'uta vumbi na kuendelea. Pancha zilifuatana. Skrubu zilidondoka njiani, na Granado alizoea kuweka waya mahali pa kila skrubu iliyopotea. Fremu ilipovunjika upande wa mbele, waya huohuo ndio uliotumika kuifunga hadi walipomfikia fundi.

Mwili nao uliharibika. Katika mji wa Choele Choel, Guevara alishikwa na homa kali, akalazwa hospitalini siku kadhaa. Mwanafunzi wa udaktari akawa mgonjwa.

Februari walivuka milima ya Andes kwa kupita kwenye maziwa yake, pikipiki ikiwa ndani ya chombo cha majini, wakaingia Chile. Huko, katika mji wa Temuco, gazeti la El Austral liliandika habari zao likiwaeleza kama wataalamu wakubwa wa ukoma, ingawa Guevara hakuwa hata amehitimu. Habari hiyo iliwasaidia kuliko pesa. Mafundi waliowatilia shaka jana waliwafungulia gereji leo, na wenyeji wakawapa chakula na mahali pa kulala.

Lakini pikipiki ilikuwa imechoka. Siku moja, wakishuka mlima, breki zilikataa huku kundi la ng'ombe likiwa mbele yao. Guevara aliielekeza pikipiki pembeni mwa barabara, ikasimama kwenye mawe, na wote wawili wakatoka wazima. Muda mfupi baadaye ilishindwa kabisa kupanda milima. La kuvunda halina ubani. Waliipakia kwenye lori hadi mji wa Los Ángeles, walikohifadhiwa na kikosi cha zimamoto, kisha lori jingine likawafikisha Santiago. Hapo, mwanzoni mwa Machi, waliiacha La Poderosa. Ilikuwa imewabeba kwa takriban miezi miwili tu.

Baada ya pikipiki

Safari nzima ilichukua karibu miezi minane. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya safari hii inayojulikana duniani kama safari ya pikipiki ilifanyika bila pikipiki. Walitembea kwa miguu, wakadandia malori, wakajificha ndani ya meli.

Hapo ndipo Guevara alipoanza kuona alichokuwa akikipita kwa kasi. Huko Valparaíso aliitwa kumwona mama mzee aliyekuwa na pumu, ugonjwa uleule wake, pamoja na maradhi ya moyo. Alimwachia dawa chache alizokuwa nazo, akijua kwamba umaskini wa mama yule haukuwa na tiba katika mkoba wa daktari. Jangwani, karibu na mgodi mkubwa wa shaba wa Chuquicamata uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Kimarekani, walikutana na mchimbaji na mkewe waliokuwa wakitafuta kazi. Mume alikuwa ametoka jela kwa sababu ya siasa zake. Usiku ulikuwa wa baridi kali na wawili hao hawakuwa na hata blanketi moja. Wasafiri wakawapa la kwao, wakatetemeka pamoja nao hadi asubuhi.

Nchini Peru walifanya kazi kwa muda katika kituo cha wagonjwa wa ukoma cha San Pablo, kando ya mto Amazon. Guevara alitimiza umri wa miaka 24 akiwa hapo. Walicheza mpira na wagonjwa na kuwashika mikono bila glavu, jambo ambalo wengi waliliogopa. Walipoondoka walipewa boya la magogo, nalo likawashinda: mkondo uliwapitisha mji waliokusudia kushuka, ikabidi watafute mtumbwi wa kuwarudisha.

Granado alibaki Venezuela kufanya kazi. Guevara alipata nafasi kwenye ndege ya kusafirisha farasi iliyopitia Miami. Ndege nayo ikaharibika, akakwama huko karibu mwezi mzima. Alirudi Argentina mwishoni mwa Agosti 1952, akamaliza masomo mwaka uliofuata, kisha akaondoka tena.

Jina lake likawa Tatu

Mwaka 1954 alikuwapo Guatemala serikali iliyokuwa ikigawa ardhi kwa wakulima ilipopinduliwa kwa msaada wa Marekani. Mwaka 1955 alikutana na Fidel Castro huko Mexico. Desemba 1956 alikuwa miongoni mwa watu 82 walioteremka pwani ya Cuba kutoka mashua ya Granma, na Januari 1959 wakaingia madarakani. Che alikuwa mkuu wa Benki ya Taifa, kisha waziri wa viwanda. Pia alisimamia ngome ya La Cabaña, ambako watu wa utawala uliopinduliwa walihukumiwa na kuuawa, jambo ambalo wakosoaji wake hawajalisahau hadi leo.

Februari 1965 aliitembelea Dar es Salaam hadharani. Aprili alirudi kwa siri, bila hata wenyeji wake kuambiwa yeye ni nani. Yeye na wenzake walijipa majina ya tarakimu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che akawa Tatu. Aprili 24 walivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba, mashariki mwa Kongo, kuwasaidia waasi ambao Laurent Kabila alikuwa mmoja wa viongozi wao. Kijana Mkongomani, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumfundisha Che Kiswahili.

Mambo hayakwenda. Viongozi wengi wa waasi walikaa mbali na mapigano. Wapiganaji walitegemea dawa ya kuzuia risasi. Shambulio la Bendera, mwishoni mwa Juni, lilishindwa na Wacuba wanne wakauawa. Pumu na kuhara vilimdhoofisha Che mwenyewe. Mamluki wa Mike Hoare walisonga mbele, na baada ya nchi za Afrika kukubaliana kutoingiliana katika mambo ya ndani, serikali ya Tanzania iliwaambia Wacuba kwamba msaada ufikie mwisho. Novemba 21, 1965 walivuka tena ziwa kurudi Kigoma.

Che alikaa miezi kadhaa katika ubalozi wa Cuba jijini Dar es Salaam akiandika yaliyotokea. Hakuyapamba. Aliyaita kushindwa, akaorodhesha makosa ya wengine na ya kwake, likiwamo la kushindwa kuwa karibu na watu aliokuja kuwasaidia.

Mwisho wa barabara

Hata hivyo aliendelea. Mwishoni mwa 1966 aliingia Bolivia kuanzisha vita vingine. Wakulima hawakujiunga naye. Alikamatwa Oktoba 8, 1967 na kuuawa siku iliyofuata katika kijiji cha La Higuera, akiwa na umri wa miaka 39. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1997 na kuzikwa Santa Clara, Cuba.

Tukiyatazama maisha yake yote, tunaona tofauti moja kubwa. Mwaka 1952, kila alipoharibikiwa aligonga mlango wa mtu asiyemjua, akaomba chakula, zana au pa kulala. Alikuwa mgeni mwenye shida, na wenyeji ndio waliokuwa na uwezo wa kumsaidia. Kongo na Bolivia alifika akiwa ndiye mwenye msaada, na milango haikufunguka kwa namna ileile.

Kwa dereva wa Nyakato anayefikiria kuvuka mpaka wa Sirari na kwenda mbali, waya, spana na tyubu ya akiba ni lazima. Lakini vilipoisha, kilichomfikisha Che mbele ni watu wa njiani.