Emin Pasha: gavana aliyewavalisha waliokuja kumwokoa

Wakaaji wa Kilo, kaskazini mwa Bunia, wanajua kwamba mtu anaweza kuwa na mali chini ya miguu yake na bado akakosa viatu. Tangu dhahabu ilipogunduliwa huko mwaka wa 1903, madini yametoka Ituri yakiwa ghafi, na mikufu na pete zikatengenezwa mbali. Lakini miaka 15 kabla ya hapo, kwenye mwambao wa Ziwa Albert, gavana mmoja alikwisha kuonja shida hiyohiyo, naye mali yake ilikuwa pembe za ndovu. Watu walimwita Emin Pasha.

Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, Silesia, eneo ambalo wakati huo lilikuwa la Prussia. Alisomea uganga, kisha akafanya kazi chini ya serikali ya Waturuki, ambako alijifunza lugha nyingi. Mwaka wa 1875 alifika Khartoum. Jenerali Gordon alimchukua kuwa daktari, na mwaka wa 1878 akawekwa kuwa gavana wa Equatoria, jimbo la kusini kabisa la utawala wa Misri, lililofuata mto Nile mpaka Ziwa Albert.

Kila kitu cha kuvaa kilitoka Khartoum kwa meli: vitambaa, viatu, sindano. Mwaka wa 1881 Mahdi aliasi huko Sudan, na tangu 1883 meli hazikupanda tena. Januari 1885 Khartoum ilianguka na Gordon akauawa. Emin alihamisha makao yake kusini, huko Wadelai, akiwa na askari, makarani, wake zao na watoto wao. Baadaye alifungua pia vituo vya Tunguru na Mswa, kwenye mwambao wa magharibi wa ziwa, pande ambazo leo ni za Ituri.

Katika magala yake mlikuwa pembe nyingi sana. Stanley alikadiria baadaye kwamba zilifika tani 75, zenye bei ya pauni 60,000 za Uingereza. Lakini njia ilikuwa imefungwa, na pembe haivaliki. Hazina yote hiyo haikuweza kumpa askari hata shati moja.

Kilichowavalisha watu ni kazi ya mikono. Pamba ilipandwa kuzunguka vituo, ikasokotwa na kufumwa kuwa kitambaa kizito cha kienyeji, kama kile ambacho Wasudani walizoea kukifuma kwao. Ngozi za ng'ombe zilitengenezwa kuwa viatu. Sabuni pia ilipikwa palepale. Hata hivyo, kazi hiyo ilikuwa na upande wake mchungu. Ng'ombe wengi walinyang'anywa wenyeji, maana askari walizoea kushambulia vijiji ili wapate nyama na nafaka. Viatu vya kituo vilikuwa na mwenye hasara, na hasara ilikuwa ya mwanakijiji.

Ulaya ilidhani gavana yuko karibu kufa kwa ukosefu. Henry Morton Stanley alitumwa kumwokoa, akipitia mto Kongo. Tarehe 28 Juni 1887 aliondoka Yambuya na watu 389, akaingia katika pori la Ituri. Njaa iliwamaliza. Huko Ipoto, kwenye kambi ya wawinda pembe, watu wake waliuza nguo na bunduki ili wapate mahindi. Waliofika ziwani walikuwa wamechakaa kabisa.

Tarehe 29 Aprili 1888 Emin aliwafikia kwa meli yake ya moshi, Khedive. Stanley alimtazamia mtu mrefu mwenye sura ya vita. Akaona mtu mdogo, mwenye miwani na kofia nyekundu, amevaa suti nyeupe ya pamba iliyopigwa pasi vizuri. Stanley alikuwa amemletea suruali kutoka Cairo, lakini ilimzidi urefu kwa karibu sentimita 15. Alimletea pia masanduku 31 ya risasi. Emin naye aliwapa waokoaji wake fulana, nguo za ndani, chumvi, tumbako na asali.

Agosti mwaka huo askari wake waliasi, wakamfunga Dufile. Walikataa kuacha inchi waliyoizoea. Alipoachiliwa alikwenda Kavalli, karibu na ziwa, na tarehe 10 Aprili 1889 msafara uliondoka kuelekea pwani. Pembe zilibaki nyuma. Walifika Bagamoyo Desemba, na usiku wa karamu Emin alianguka kutoka dirishani, akaumia kichwa vibaya.

Angeweza kurudi Ulaya. Lakini mwaka wa 1890 aliingia kazi ya Wajerumani, akarudi bara. Mwaka wa 1891 alifika tena Ituri. Wengi wa askari wake wa zamani aliowakuta Kavalli hawakumfuata, na Kapteni Lugard wa Uingereza akawachukua kwenda Uganda. Ndui iliingia katika msafara wake, na Desemba alimrudisha mwenzake Stuhlmann pamoja na wazima. Yeye, akiwa karibu kipofu, alibaki na wagonjwa, kisha akaelekea magharibi katika pori.

Oktoba 1892, huko Kinena, aliuawa kwa kukatwa koo, kwa amri ya Kibonge, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Alikuwa na miaka 52.

Wazungu walimkumbuka kwa ndege na mimea aliyokusanya kwa ajili ya nyumba zao za makumbusho. Pande za ziwa alichoacha ni kidogo, ila jambo moja lilionekana wazi: katika miaka ya kufungiwa, watu wake hawakuvalishwa na tani 75 za pembe zilizolala ghalani. Walivalishwa na pamba ya shambani, na ngozi za ng'ombe wa wengine.