Ahmad bin Majid, Mwalimu wa Nyota

Shihabuddin Ahmad bin Majid alizaliwa Julfar, katika eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah, kabla ya katikati ya karne ya 15. Baba na babu yake walikuwa marubani, naye akairithi kazi hiyo. Mnamo 1490 alikamilisha Kitabu al-Fawaid, kitabu kikuu cha elimu ya ubaharia. Alikuwa mshairi pia: mafunzo mengi aliyatia katika beti ili yahifadhike kwa moyo, na mojawapo ya tungo zake inaeleza njia ya kufika Sofala kwa kupitia mwambao wetu.

Kongowea, ambalo katika ushairi wa kale ni jina la Mombasa yenyewe, iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Hapa nyota ya Jaa haionekani. Kwa hiyo rubani aliyeshuka kusini alipima kwa vidole kimo cha Farakadi, nyota mbili zilizo karibu na Jaa. Moja ina rangi ya chungwa, ya pili ni nyeupe. Tofauti hiyo hutokana na joto: nyota yenye joto kali huwa nyeupe au samawati, ilhali Moyo wa Nge, wenye nyuzi takriban 3,400 tu, ni mwekundu.

Hata hivyo, jicho halizioni rangi hizo kwa wepesi. Seli zake zinazotambua rangi huhitaji mwanga wa kutosha; zile za gizani hazibagui rangi. Ndiyo maana nyota nyingi hafifu huonekana nyeupe. Isitoshe, nyota iliyo karibu na upeo wa macho hutiwa wekundu na hewa. Rangi peke yake, basi, haitoshi kumwongoza baharia. Sharti ithibitishwe kwa kimo na mahali nyota inapochomoza.

Sifa ya Ibn Majid nayo yahitaji uthibitisho kama huo. Kwa muda mrefu alilaumiwa kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwezi Aprili 1498. Lakini mwanahistoria wa Kireno Barros anamtaja Mgujarati aliyeitwa Malemo Cana, na msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kwamba Malemo ni mwalimu, yaani cheo cha rubani. Watafiti wengi leo wanaikataa lawama hiyo. Ni haki akumbukwe kwa elimu aliyotuachia, si kwa safari ya mtu mwingine.