Vidocq: Mfungwa mtoro aliyeongoza makachero wa Paris

EUGÈNE François Vidocq alikuwa mfungwa mtoro kabla ya kuwa mkuu wa makachero wa jiji la Paris. Jina lake hukumbukwa zaidi kwa wahalifu aliowanasa, lakini maisha yake yalizunguka swali moja ambalo halijazeeka: mtu aliyekwisha kutiwa hatiani ataajiriwa na nani?

Alizaliwa Julai 1775 mjini Arras, kaskazini mwa Ufaransa, baba yake akiwa mwoka mikate. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kijana huyo aliwaibia wazazi wake, akatoroka nyumbani, kisha akaingia jeshini ambako pia hakutulia. Akiwa kifungoni mjini Lille, alituhumiwa kushiriki kughushi hati ya kumwachia huru mfungwa mwenzake. Desemba 1796, akiwa na umri wa miaka 21, alihukumiwa miaka minane ya kazi ngumu.

Alitoroka gereza la Brest mwaka 1798, akakamatwa na kupelekwa Toulon, nako akatoroka mwaka 1800. Hapo ilianza adhabu ambayo haikuandikwa katika hukumu yoyote. Alijaribu kuishi kwa biashara halali chini ya majina ya bandia, lakini kila alipoanza kusimama, walijitokeza watu aliofungwa nao na kumdai fedha ili wasimfichue. Riziki yake ikawa inaning'inia kwenye ulimi wa mtu mwingine.

Alipotiwa mbaroni tena mwaka 1809, aliamua kuwauzia polisi kitu pekee alichokuwa nacho, yaani kuwajua kwake wahalifu. Kwa muda wa miezi 21, katika magereza ya Bicêtre na La Force, aliwapeleleza wafungwa wenzake kwa niaba ya polisi. Aliachiwa mwaka 1811, na muda mfupi baadaye akakabidhiwa kikosi kidogo cha makachero wasiovaa sare, kilichoitwa Sûreté. Mwaka 1813 Napoleon alitia saini amri ya kukifanya kuwa chombo cha dola.

Kikosi hicho kilianza na watu wanne, na kufikia mwaka 1824 kilikuwa na 28. Wengi wao walikuwa wamewahi kufungwa. Vidocq aliwachagua kwa sababu walizijua sura, lugha na maficho ya wezi. Yeye mwenyewe aliwaongoza kwa miaka kadhaa hukumu yake ya mwaka 1796 ikiwa bado haijafutwa, hadi Mfalme Louis XVIII alipomsamehe.

Alijiuzulu mwaka 1827 na kufungua kiwanda cha karatasi huko Saint-Mandé, mashariki mwa Paris. Wafanyakazi wake, wanaume kwa wanawake, walikuwa hasa watu waliomaliza vifungo. Jaribio hilo lilikuwa gumu kuliko la Sûreté. Polisi walimhitaji mhalifu wa zamani kwa siri alizozijua. Kiwandani alitakiwa apewe kazi kama mtu mwingine yeyote, kwa nguvu za mikono yake tu.

Jamii ilipiga kelele. Mitambo iligharimu fedha nyingi, na wafanyakazi walihitaji kufundishwa, kulishwa na kuvishwa. Wateja nao walikataa kulipa bei ya soko, wakidai kwamba bidhaa iliyotengenezwa na watu wa namna hiyo haikustahili bei hiyo. Mwaka 1831 kitumbua kiliingia mchanga, Vidocq akafilisika.

Mwaka 1832 alirejea Sûreté, lakini Novemba mwaka huohuo akaondoka tena. Kikosi chake kilivunjwa na kuundwa upya kwa sharti kwamba asiajiriwe mtu aliyewahi kuhukumiwa. Mlango ambao yeye alikuwa ameupitia ukafungwa kwa waliomfuata.

Mwaka 1833 alianzisha ofisi binafsi ya upelelezi, miongoni mwa za kwanza duniani. Hata hivyo, doa la zamani halikumwacha. Alikamatwa mwaka 1842, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka mitano. Mahakama ya rufaa ilimwachia huru, lakini alikuwa amekwisha kukaa rumande karibu mwaka mzima.

Vidocq alifariki dunia Paris, Mei 11, 1857, akiwa na umri wa miaka 81. Balzac alimtumia kumchora mhusika wake Vautrin. Miaka mitano baada ya kifo chake, Victor Hugo alichapisha Les Misérables, riwaya ambayo shujaa wake ni mfungwa wa zamani anayemiliki kiwanda na kuheshimiwa na mji mzima, maadamu hakuna anayejua alikotoka.