Suzanne Noël, daktari aliyewatua wanawake mzigo wa kifuani

Tulipozungumza katika kipindi cha afya kuhusu upasuaji wa kupunguza matiti, baadhi yenu mlituuliza kama huo si urembo wa wenye pesa tu. Swali hilo ni la zamani. Karibu miaka 100 iliyopita lilimkabili daktari mmoja wa Ufaransa, Suzanne Noël, na leo tunawasimulia maisha yake.

Alizaliwa mwaka 1878 katika mji wa Laon. Akaolewa akiwa na miaka 19 na daktari wa ngozi, Henri Pertat, na akaanza kusomea udaktari akiwa tayari mke wa mtu. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, alijifunza kwa daktari Hippolyte Morestin jijini Paris kurekebisha nyuso za askari waliovunjwa taya na kunyofolewa pua.

Kisha misiba ikaandamana. Pertat alifariki mwaka 1918. Mwaka 1922 akafa binti yake wa pekee. Mwaka 1924 mume wake wa pili, daktari André Noël, alijitupa katika mto Seine. Suzanne hakuacha kazi. Mwaka 1926 alitoa kitabu kuhusu faida ya upasuaji wa urembo kwa jamii.

Wengi waliomjia walikuwa wanawake waliofukuzwa au kunyimwa kazi kwa sababu nyuso zao zilionekana zimezeeka. Aliwapasua nyumbani kwake kwa ganzi, akikata sehemu ndogo ndogo ili warudi kazini haraka. Maskini hakuwatoza. Kwake yeye, hilo lilikuwa suala la mkate. Baadaye alipunguza pia matumbo, mapaja na matiti.

Kwenye matiti ndipo hoja yake inapoeleweka vizuri zaidi. Mwanamke mwenye matiti mazito sana huumwa shingo, mabega na mgongo. Kamba za sidiria humchimba mabega. Chini ya matiti jasho hutuama, ngozi ikawasha na kuchubuka. Ndoo ya maji ukifika nyumbani unaitua. Huu mzigo unalala nao.

Katika upasuaji, daktari hutoa sehemu ya mafuta, tezi na ngozi iliyozidi, hupandisha chuchu, kisha hushona. Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa ya maumivu, na hulala na kufanya kazi kwa urahisi zaidi. Lakini makovu hubaki, chuchu inaweza kupoteza hisia, na kunyonyesha kunaweza kuwa kugumu. Kama bado unataka kuzaa, mwambie daktari kabla hajashika kisu.

Noël hakuishia kwenye upasuaji. Wanawake wa Ufaransa hawakuwa na kura, naye akawahimiza wasilipe kodi hadi wapewe. Mwaka 1928 serikali hiyohiyo ilimpa nishani ya Légion d'honneur! Kura yenyewe ilikuja mwaka 1944.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walipoitawala Paris, aliwabadilisha sura watu waliokuwa wakisakwa na polisi wa Kinazi. Vita vilipokwisha, akawatibu walionusurika katika kambi za mateso. Alifariki Novemba 1954, akiwa na miaka 76.