Mekatilili, Kaya na Mwarobaini

Kila mwanafunzi hufunzwa kwamba Mekatilili wa Menza aliwapinga Waingereza. Aghalabu husahaulika kwamba upinzani huo ulipata nguvu zake msituni.

Jina lake la utotoni lilikuwa Mnyazi. Mekatilili ni mama wa Katilili, kwa desturi ya Wagiriama ya kumwita mzazi kwa jina la mwanawe. Mwaka 1913, serikali ilipodai kodi na kuwataka vijana wakafanye kazi mashambani mwa walowezi, aliwahimiza watu wakusanyike Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume cha fisi. Mnamo Oktoba alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarejea pwani kwa miguu! Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua kaya kwa baruti. Yamkini walikwisha kung'amua kwamba kumfunga mwanamke huyu hakukutosha. Alikamatwa tena, akarudi kwao 1919, akafariki katikati ya miaka ya 1920. Kaburi lake liko Bungale, Magarini.

Msitu haukufa. Mila zilikataza kukata miti ya kaya, na mwaka 2008 UNESCO iliitia Kaya Giriama, ndiyo hiyo Fungo, pamoja na kaya nyinginezo za Mijikenda, katika Urithi wa Dunia.

Hatari ya leo haina kishindo cha baruti. Mwarobaini, mti wa Bara Hindi tunaousifu kwa kutibu maradhi arobaini (nadhani jina hilo limeufungulia milango mingi), umevamia misitu ya pwani, zikiwamo baadhi ya kaya. Ndege na popo hula matunda yake na kudondosha kokwa chini ya mivule na mibambakofi. Miche huota kwa wingi, ikainyima ya asili mwanga. Ukiukata, kisiki huchipuka.

Hapa pana utata: mwiko uleule ulioukinga msitu humkinga pia mvamizi. Kwa maoni yangu, mwiko uliwekwa kwa ajili ya kaya, wala si kwa kila kiotacho ndani yake. Hata hivyo, uamuzi ni wa wazee wa kaya, si wa wahadhiri kama mimi. Walimu wa shule zilizo jirani wangewaendea wazee hao na, wakipewa idhini, wanafunzi wafunzwe kuitambua miche ya mwarobaini na kuing'oa pamoja na mizizi ingali ya kimo cha goti.